Wino Usioogopa Maji

Kabla hujashika sindano ya wino, tandika gazeti mezani, vaa glavu, halafu ujue kwamba anayekufundisha ana hasira. Nimestaafu, tundu la katriji silioni tena bila miwani, na hasira yangu haijastaafu. Naandika haya kwa ajili yenu vijana mnaofungua stationery kila kona ya Arusha, mnaojifunza kazi kwa kutazama video mkiwa mnakula chipsi, kisha mnaharibu printa ya mtu na kumwambia, "Imekufa hii mama, nunua nyingine." Printa haifi hivyo. Inauawa.

Mtauliza mimi ni nani. Kwetu Meru tunafundishwa kujishusha, na mimi somo hilo nililikataa mapema. Nilizaliwa kwenye migomba ya mlimani, nikaondoka na begi moja la kushona, nikafika Gaborone kwa binamu yangu aliyekuwa mwalimu huko. Mchana nilifagia ofisi za watu, jioni nilisoma, nikapata Diploma ya Elektroniki. Diploma, siyo cheti cha kuhudhuria semina. Ipo sebuleni kwangu Engutoto, kwenye fremu, na nyumba inayoibeba niliijenga kwa wino. Sikurithi shamba wala sikuolewa na tajiri. Wanaosema nina majivuno siwabishii, nawaonyesha nyumba.

Aliyenifundisha kazi hasa hakuwa mwalimu wa chuo. Alikuwa Mzimbabwe mwembamba aitwaye Tendai, mwenye karakana ya mashine za ofisi nyuma ya soko la Gaborone. Nilikwenda kwake na diploma yangu ndani ya bahasha. Hakuifungua. Alinipa katriji moja na mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki, akaniambia niipime. Nikaipima. Akaniambia niiweke kwenye printa; printa ikaandika kwamba wino umekwisha. Kisha akanipa msumeno wa chuma, nikaipasua ile katriji katikati. Sponji la ndani lilikuwa linachuruzika wino mpaka nikachafua sketi yangu ya usaili.

"Mashine imesema nini?" aliniuliza.

"Imesema wino umekwisha."

"Na wewe umeona nini?"

"Nimeona uongo."

Akaniambia nivae aproni, nimeajiriwa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, na sioni aibu kuitunza. Kwenye katriji nyingi wameweka kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho kazi yake si kupima wino bali kuhesabu mlichochapa na kukisia. Kikishafika pale walipopanga, kinafunga duka, hata kama wino bado upo. Wanakuuzia printa kwa bei ya mbuzi, halafu wanakuuzia wino kwa bei ya ng'ombe, na ng'ombe huyo unamnunua tena na tena. Niliporudi nyumbani nilihudhuria mkutano mmoja hotelini hapa mjini, kijana mmoja mwenye tai akatuambia kwamba kujaza katriji ni sawa na wizi. Nilisimama nikamuuliza: nikinunua sufuria dukani kwako, ni lazima niipikie unga wako tu? Watu walicheka. Yeye hakucheka, na chakula cha mchana sikupewa.

Basi nikaanza kufundisha barazani kwangu kila Jumamosi. Walikuja walimu, makarani, mama wa stationery, hata wachungaji. Niliwafundisha kujaza nyumbani, kwenye meza ile ile ya kulia chakula, kwa sababu kazi hii haihitaji kiwanda. Inahitaji adabu. Usisubiri katriji ikauke kabisa. Sponji likishakauka ni kama kisima kilichoingia mchanga. Jaza ingali na unyevu. Kila rangi na sindano yake, na sindano ya njano usiikopeshe kwa nyeusi hata kama ni ndugu. Sukuma polepole, maana ukisukuma kwa pupa unaingiza hewa, na hewa ndani ya katriji ni kama gesi tumboni: haitulii na haimwachi mwenyewe afanye kazi. Ukimaliza, iweke kwenye kitambaa chenye uvuguvugu, matundu yakiangalia chini, iache ivute pumzi. Pima uzito kabla na baada. Mzani wa jikoni, usicheke. Mzani hauna kidude cha kudanganya.

Na maji. Mungu wangu, maji. Tazameni meno yetu sisi tuliokulia chini ya Mlima Meru. Maji yaliyotia meno yetu rangi ya chai ya rangi ndiyo mnayotaka kuoshea matundu membamba kuliko unywele? Kuna mhasibu wa loji moja kule Usa River aliniletea kichwa cha printa amekifunga kwenye leso kama jino lililong'olewa. Alikuwa amekiloweka kwenye maji ya bomba na kukianika dirishani. Matundu yote yalikuwa yameziba kwa chumvi. Nikamuuliza kwa nini hakutumia maji yaliyosafishwa ya famasi.

"Lakini nilichemsha, fundi," alijitetea.

"Kwani ulitaka kuyanywa?"

Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Alikaa barazani kwangu na kile kichwa mpaka jioni, tukakiokoa. Mpaka leo akikutana nami sokoni ananisalimia kwa kuuliza kama maji yangu nimechemsha.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, na kalamu yangu inabonyeza karatasi kuliko inavyotakiwa.

Wino ni wa aina mbili. Upo wa kuyeyuka: rangi imeyeyuka ndani ya maji kama sukari kwenye chai. Unang'aa, ni wa bei nafuu, na picha yake inapendeza. Lakini kilichoingia na maji kinatoka na maji. Upo na wa chembe, ambao wauzaji wanauita pigmenti: rangi ni unga laini sana unaoelea, kama unga kwenye uji. Huo unakaa juu ya karatasi, unakauka, na ukishakauka hauogopi mvua wala jasho. Kuutofautisha ni rahisi. Inamisha chupa kisha uisimamishe, uitazame kwenye jua. Wa kuyeyuka unateleza na kuacha ukuta wa chupa safi, mwanga unapita. Wa chembe unaacha utando, na mwanga haupiti. Halafu dondosha tone kwenye karatasi, ngoja likauke, chovya kwenye glasi ya maji. Karatasi haijui kusema uongo.

Niliyemfundisha vizuri kuliko wote alikuwa wifi yangu Anyesi, mke wa mdogo wangu. Mdogo wangu alipofariki alimwacha kijijini Nduruma na watoto, na shamba ambalo mfereji wake wa maji una ugomvi kila msimu. Nilimpa printa niliyoifufua mwenyewe, akafungua kibanda mkabala na ofisi ya kata. Rangi zote nilimwekea wino wa chembe, ingawa ni ghali zaidi. Kwa nini? Kwa sababu Nduruma barua ya mkulima inakaa mfuko wa shati, inaingia naye kwenye mfereji, inatoka naye, ndipo inafika kwa mtendaji. Anyesi hakuwa na diploma, lakini mikono yake ilikuwa mitulivu. Katika biashara ndogo zote za ukoo wetu, ile ndiyo peke yake iliyosomesha watoto bila kuuza hata kuku.

Nilikuwa nimesafiri Gaborone kumwangalia binti yangu aliyejifungua, rangi za Anyesi zilipokaribia kwisha. Akapanda kwenda mjini kwa Wilfredi, muuzaji wa wino niliyekuwa nanunua kwake tangu nirudi nchini. Akamwomba kwa maneno niliyomfundisha: nataka ule usioogopa maji. Wilfredi akamwekea chupa mezani, bluu, nyekundu na njano, akamwambia huu ndio anaouchukua wifi yako kila mara. Anyesi aliposikia natajwa mimi, hakuchovya karatasi kwenye glasi. Angechovya kama angeambiwa ni wino wa mtu mwingine yeyote. Wilfredi alitumia jina langu kama kizibo cha chupa, yule mtu.

Wiki hiyo hiyo akafariki Mzee Eliakimu. Alikuwa na duka la pembejeo pale Nduruma, mbegu na dawa za mimea, na hakuna mkulima ambaye hakuwahi kukopeshwa naye. Alikuwa Mchaga wa Machame. Mjane wake, Mama Ndeshi, akampa Anyesi kazi ya kuchapa ratiba ya mazishi: nyimbo, wasifu wa marehemu, na juu kabisa picha yake ya rangi. Picha yenyewe ilipigwa siku ya harusi ya binti yao. Mzee anacheka. Mama Ndeshi alimweleza Anyesi kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hiyo ndiyo picha pekee aliyocheka, maana mbele ya kamera alikuwa akikaza uso kama anapiga picha ya pasipoti.

Wachaga hawaachi mtu wao ugenini. Msafara ukapanda Machame, kwenye kihamba, lile shamba la ukoo la baba zake, na Anyesi alikuwemo. Mvua ya mlimani haibishi hodi. Ilishuka wakati mchungaji anasoma neno kaburini. Wengine walijifunika ratiba kichwani. Mama Ndeshi aliibana yake kifuani, picha ikiwa ndani, akidhani anailinda. Mchungaji alipomaliza, yule mama akaitazama. Wino mweusi ulikuwa bado ule wa kwangu, haukutikisika: jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, vyote vipo. Uso umeondoka. Umeshuka wote kwenye gauni lake jeupe, bluu na nyekundu, mpaka kiunoni.

Anyesi aliniambia kwamba yule mama hakupiga kelele. Alijaribu kulifuta gauni kwa kiganja, kisha akaacha kufuta, kama mtu aliyekumbuka kwamba kile anachokifuta ni mume wake.

Habari ilifika Nduruma kabla ya basi. Watu hawakusema Anyesi ameuziwa wino mbaya. Walisema ndiyo matokeo ya wino wa kujaza. Pale kwa muuza chai, karibu na kibanda chake, vijana walikuwa wakitaniana kwa sauti ili asikie: usipeleke picha yako kwa yule mama, atakufuta kabla Mungu hajakuita. Ofisi ya kata ikaanza kupeleka kazi zake mjini. Walimu wakafuata. Na wazee wa ukoo wa marehemu wakatuma ujumbe kwamba Anyesi anatakiwa apande Machame na isale.

Kwa wasiojua: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa mashamba. Kwa Wachaga, na kwetu Wameru vilevile, mtu akikukosea akaja kwako ameshika isale, humkatalii. Hata kama amekuchomea nyumba. Unalipokea, na neno linaishia hapo.

Niliporudi kutoka Gaborone nilimkuta Anyesi ameshalikata, amelisimamisha kwenye ndoo ya maji lisinyauke.

"Wifi, acha nipeleke yaishe," aliniambia. "Isale siyo jela."

"Kwa kosa la nani?"

"La kwangu. Si mimi niliyechapa?"

"Niletee chupa."

Akaleta. Niliinamisha ile nyekundu, nikaisimamisha, nikaielekeza kwenye jua. Mwanga ulipita kama kwenye juisi ya rozela. Lebo ilikuwa ya wino wa chembe, sahihi kabisa. Kisha nikaigeuza nikatazama kitako, nikakuta mkwaruzo wa msumari. Huo mkwaruzo ni wangu. Kila chupa ninayofungua naiwekea alama kitakoni ili nijue ipi ya zamani, ipi mpya. Chupa tupu tulikuwa tunamrudishia Wilfredi, na yeye anatupunguzia bei. Nilidhani anazirudisha kiwandani. Kumbe anazijaza wino wa kuyeyuka kutoka kwenye dumu, anabandika kizibo upya, na kutuuzia sisi wenyewe.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana kuna watu watasema fundi anamlaumu mwenzake kwa kazi ile ile anayoifanya. Mimi nimejaza maisha yangu yote. Kujaza si dhambi. Ninachojaza nakitaja.

Tulikwenda wote wawili kwa Wilfredi. Nilimkataza Anyesi kubeba isale kwenda popote. Duka lilikuwa limejaa wateja, na Wilfredi alitukaribisha kwa uchangamfu, akaniuliza za safari na za mjukuu. Nikaomba glasi ya maji. Akadhani nina kiu, akamwambia mtu aniletee ya baridi. Nilikuwa nimeshadondosha matone mawili kwenye karatasi nyumbani, moja la wino wangu wa zamani na moja la wino wake, yamekauka. Nikaichovya karatasi mbele ya wateja. Tone langu lilikaa. La kwake lilinyanyuka kama moshi mwekundu, likageuza glasi nzima.

"Wilfredi, huu ni wino gani?"

"Pigmenti, fundi. Si unaona lebo? Soma."

"Kusoma najua, nina diploma. Nakuuliza wewe uliyejaza."

Akatazama wateja. Akanikaribia, akashusha sauti. "Fundi, haya si ya kuongea mbele za watu. Twende ndani tunywe chai, tuyamalize kikubwa."

"Mzee Eliakimu alifutika mbele za watu," nilimwambia. "Kaa hapa hapa."

Mama mmoja aliyekuwa ameshika chupa mkononi aliirudisha rafuni taratibu, kama mtu anayerudisha yai. Niliondoka nikijua nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Wilfredi naye ni mtoto wa Kilimanjaro, mila anazijua kuliko anavyojua wino. Jumapili iliyofuata alipanda Machame, amevaa koti, ameshika isale. Mama Ndeshi, aliyekuwa bado matangani kule, angefanya nini? Akalipokea. Kisha Wilfredi akateremka mpaka Nduruma, akamletea na Anyesi isale lake. Wifi yangu alilipokea kwa mikono miwili, akalia, akampikia chai yenye maziwa. Aliponisimulia nilimuuliza kama mtu yule amesema chochote kuhusu dumu. Alisema hapana, lakini yameisha, wifi, na wewe uyaache yaishe.

Siku chache baadaye nikapita dukani kwa Wilfredi. Chupa zilezile zilikuwa rafuni, na lebo zilezile.

Wilfredi alinipokea akiwa ametulia. "Fundi, hilo tumeshalifunga. Nimesamehewa Machame, nimesamehewa Nduruma."

"Engutoto hujafika."

"Nitakuja, kama unataka nije."

"Njoo. Nina mbuzi wawili, watalila jani lako."

Wazee wawili waliokuwa pale waligeuka kunitazama kama nimetemea mate kaburi. Najua nilichosema. Kukataa isale ni jambo zito, na tangu siku ile kuna shangazi yangu mmoja huko mlimani haniiti kwenye vikao. Lakini isale linamsamehe mtu aliyekosea. Halikuwekwa ili aendelee kukosea akiwa na kibali. Sikurudisha tena chupa tupu hata moja. Kila aliyekaa barazani kwangu nilimfundisha kuikata chupa iliyokwisha kwa kisu, vipande viwili, na kuchovya karatasi kabla ya kujaza tone. Nendeni leo dukani kwa Wilfredi. Anauza makava ya simu. Hakuwahi kuja na jani lake, na mimi bado sijamsamehe. Ninyi vijana mnaosema sasa kuna printa za tenki, kujaza katriji ni habari za zamani: tenki nalo linajazwa kwa chupa. Chupa ile ile. Mnachovya, au mnasoma lebo?

Lakini yule ambaye jambo hili lilimkaba koo hakuwa mimi, alikuwa Anyesi. Isale la Wilfredi lilimsafisha yeye mbele ya wazee, halikusafisha kibanda. Niliivua printa yake nikaiosha mirija yote kwa maji ya famasi mpaka ikatema maji meupe, nikaijaza wino sahihi niliouagiza Nairobi. Ilikuwa nzima kuliko siku niliyompa. Wateja hawakuja. Alikuwa anafungua asubuhi, anafuta vumbi, anafunga jioni. Akaanza kuniambia habari za mashamba ya maua Usa River, kwamba wanachukua kina mama wa kufunga maua kwenye makasha, na printa labda niichukue nimpe mwingine. Nilimfokea. Nilimwambia sikumfundisha ufundi ili akafunge maua ya kwenda kupamba meza za watu wengine. Alinisikiliza, akaendelea kukunja nguo. Mwisho wa mwezi ule angeanza kazi kule. Alikuwa ameshaandikisha jina.

Nilikuwa nimekwenda kuichukua printa yenyewe, nina hasira na kila kitu ikiwemo waya wake, Mama Ndeshi alipoingia kibandani. Familia ilikuwa imemaliza kujenga kaburi na ilikuwa inajiandaa kuweka msalaba. Anyesi alimwamkia shikamoo akiwa hajanyanyua macho. Yule mama aliitikia, akafungua mkoba, akatoa picha. Ile ile, ya harusi.

"Chapa moja kwanza," alisema.

Nilirudisha waya ukutani. Anyesi alikagua karatasi, akaikagua tena, hadi nikataka kumsukuma pembeni nichape mwenyewe, ndipo akachapa. Karatasi ikatoka. Mzee Eliakimu anacheka.

"Bomba liko wapi?" aliuliza Mama Ndeshi.

"Mama, tusubiri kidogo ikauke," Anyesi alimwambia.

Akasubiri. Alikaa kwenye kigoda, mkoba magotini, haangalii mtu. Mimi nilitaka kumweleza habari za chembe na za kuyeyuka, nilitaka kumwonyesha chupa kwenye jua. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nilinyamaza. Kisha yeye mwenyewe akasema, bila kuulizwa:

"Isale la Wilfredi nililipokea kwa mkono, maana ndivyo tulivyolelewa. Leo nimekuja kuona kama na moyo utapokea."

Akainuka na ile karatasi, akaenda kwenye bomba la ofisi ya kata, ng'ambo ya njia. Sisi tukamfuata. Watu waliokuwa kwenye foleni ya mtendaji waligeuka, na wale vijana wa kwa muuza chai wakaacha vikombe. Akafungua bomba mpaka mwisho. Akaiweka karatasi chini ya maji, uso ukiwa juu, akaanza kuusugua kwa kidole gumba, paji la uso, mashavu, mdomo, kama mama anayemwosha mtoto asiyetaka kuoshwa. Maji yalimpigia viatu. Nilitazama yale maji, sikutazama karatasi. Yalikuwa meupe. Yaliendelea kuwa meupe.

Akafunga bomba.

"Yupo," alisema.

Anyesi alikuwa ameshika mdomo. Mama Ndeshi alimwambia achape za ukoo wote na za majirani wote wa pale Nduruma, kisha akamwonyesha ile iliyolowa na kusema hii usiichanganye na zile, hii ni ya kwangu. Akaitandaza juu ya ukingo wa ua, penye jua, akaweka kokoto kwenye kila pembe isipeperushwe, akavuta kigoda, akakaa kando yake kuisubiri ikauke.